Muhuri wa Siku ya Arobaini na Tano

Sehemu ya tisa

Kidirisha cha masijala kilishuka kama panga, kikaubana mkono wa Hasna Mwinshehe ukiwa bado umeshika bahasha.

Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, na wengine mmeleta salamu kuuliza kama vidole vilipona. Vilipona. Lakini mkono hakuutoa.

"Mama Skola, fungua. Ni mimi."

"Najua ni wewe," ilijibu sauti ya chini kutoka ndani. "Ndiyo maana nimefunga. Toa mkono, mwanangu, utaumia."

"Nikiutoa nitaumia zaidi."

Kwa yule anayeanza nasi leo, nitasema kwa kifupi. Hasna ni mzaliwa wa Ujiji, mwanamke wa miaka arobaini na moja. Miaka kumi na saba amekuwa mtumishi wa uvuvi katika halmashauri ya mji mdogo wa Karugunga, huku mwambao wa kusini. Kazi yake ilikuwa kukaa mwaloni mitumbwi inapoingia, kupima matundu ya nyavu, na kukamata zile haramu.

Mwezi wa tisa alikamata kokoro, wavu wa kukokota uliopigwa marufuku, la mtu mmoja aitwaye Gasper. Gasper ni shemeji yake Bariki, afisa utumishi wa halmashauri. Hayakupita majuma mengi, Hasna akaandikiwa mashtaka: eti asubuhi ya Jumatano, tarehe nane Oktoba, alipokea ndoo mbili za dagaa wabichi ili afumbe macho. Mwezi wa kumi na mbili akafukuzwa kazi.

Lakini mtumishi akifukuzwa hivyo, mlango haujafungwa. Ana siku arobaini na tano za kukata rufaa kwa Tume inayosikiliza mashauri ya watumishi, Dodoma, na nakala ampe mwajiri. Rufaa ya Dodoma ilikwisha kufika. Ilibaki nakala ya mwajiri, igongwe muhuri kwamba imepokelewa, mtu asije akasema hakuiona. Hasna alikuwa amekuja mara tatu, na mara tatu akaambiwa arudi kesho.

Leo ilikuwa siku ya arobaini na tano. Kesho haikuwepo tena. Saa ya ukutani ilisema saa nane na nusu, na ofisi hufungwa saa tisa na nusu.

Kidirisha kiliinuka kama shubiri moja. Jicho la Skolastika likaonekana, jekundu kwa kulia au kwa vumbi la majalada.

"Muhuri sina. Bariki kauchukua asubuhi. Kasema wino umeharibika, unapelekwa mjini."

"Umeharibika wino au umeharibika muhuri?"

"Nijue mimi? Miaka thelathini na moja nimekaa humu, sijaona muhuri unaumwa."

Hasna akacheka bila kutaka. Kikombe cha maji kikapitishwa kwenye upenyo, kikimwagika kidogo.

"Kunywa. Umetembea na mvua hii, midomo imekukauka." Kisha Skolastika akashusha sauti zaidi. "Muhuri haujakwenda mjini. Uko mezani kwake. Sasa hivi nimeusikia ukigonga."

"Umegonga nini?"

"Kamuulize. Ila usiingie kwa hasira, Hasna. Kuna mtu wako mle ndani."

Mtu wake? Hasna aliyameza maji, akarudisha kikombe, akaondoka mbio.

Ukumbini Hamdani, mfagiaji, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupiga deki. Hasna alisimama ghafla, viatu vyake vimejaa tope.

"Pita, dada," Hamdani akasema. "Sakafu nitaipiga tena. Hiyo barua yako ndiyo haina kesho."

Upande wa pili wa ukumbi wavuvi kumi hivi walikaa kwenye benchi wakisubiri leseni. Walimwona akipita, wakasogeza miguu. Hakuwatazama. Aliusukuma mlango wa afisa utumishi bila kubisha.

Na mle ndani, kwenye kiti cha wageni, amevaa kanzu ya kijivu, soda mbele yake, alikaa Mzee Iddi Mwinshehe, baba yake mdogo.

Hasna aliificha bahasha nyuma ya mgongo. Huyu ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Huyu ndiye mtu pekee duniani ambaye Hasna alimficha habari za kufukuzwa kwake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Umefikaje huku?"

"Nimeletwa!" Mzee hakuweza kuificha fahari yake. "Bwana Bariki katuma gari mpaka Ujiji, mpaka mlangoni kwangu. Mimi, kwenye gari la serikali! Majirani wote walitoka nje."

Bariki alikuwa kijana mtanashati mwenye sauti laini kama asali. "Mzee wetu ana hekima," alisema. "Amekuja kuiokoa nyumba yake."

"Mwanangu, nimesikia yote," Mzee Iddi akaendelea. "Ndoo mbili za dagaa. Basi, binadamu hujikwaa. Mkubwa wako hana kinyongo. Mimi nimetangulia, nimekuombea radhi, na kwa maandishi nimeweka. Sasa na wewe inama kidogo, mambo yaishe."

Ndivyo wafanyavyo wazee wa Ujiji. Mtoto akikosea, mzee hutangulia na kofia mkononi kumwombea, na heshima ya mzee huufunika uso wa mtoto. Ni desturi nzuri, na imeokoa ndoa nyingi na ugomvi mwingi. Bariki si mtu wa Ujiji, lakini desturi hiyo alikuwa ameisikia, akajua pa kuitia kamba.

Alisukuma karatasi juu ya meza. Ilikwisha kuandikwa yote. Mimi Hasna Mwinshehe naomba radhi kwa kosa nililotenda, na rufaa yangu naiondoa.

"Saini hapa. Jumatatu unarudi kazini."

"Kazi gani?"

"Kufagia soko. Ni kazi ya halali."

"Ni ya halali, na Hamdani anaifanya vizuri kuliko wewe unavyofanya yako. Lakini mimi ni mtumishi wa uvuvi."

"Dada Hasna, haya ni maneno tu kwenye karatasi."

"Kama ni maneno tu, mbona umetuma gari mpaka Ujiji kuyafuata?"

"Hasna!" Mzee akagonga sakafu kwa mguu wake mzima, maana wa kushoto unachechemea. "Unajibizana na mkubwa?"

"Mkubwa wapi, baba mdogo? Mimi naanza darasa la kwanza, huyu yuko mgongoni anabebwa."

Uso wa Bariki ukabadilika. Asali ikaisha. Alivuta jalada la rangi ya udongo kutoka pembeni, akalifungua kwa kishindo.

"Naona binti anataka mzee wake asikie mwenyewe. Vizuri. Haya ni maelezo ya shahidi, mvuvi, anaitwa Nuhu."

Akasoma kwa sauti ya kujivuna, akiweka kidole chini ya kila mstari.

"'Asubuhi ya Jumatano, tarehe nane Oktoba, kabla ya jua kutoka, nilikuwa mwaloni. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa inaingia kutoka ziwani. Nilimwona Hasna akipokea ndoo mbili za dagaa wabichi. Nilimwona vizuri kabisa, kwa kuwa mwezi ulikuwa umejaa na mbalamwezi ilikuwa kubwa, kweupe kama mchana.'"

Akafunga jalada. "Kweupe kama mchana, Mzee. Shahidi hakubahatisha."

Hasna aligeuka. Alimtazama baba yake mdogo.

Mzee Iddi alikuwa amevua dagaa miaka arobaini, tangu enzi za karabai mpaka hizi taa za betri. Vidole vyake viwili vina makovu ya kioo cha karabai. Aliiweka chini soda yake polepole.

"Soma tena hapo mwisho, bwana mdogo."

Bariki akasoma tena, kwa furaha.

"Mitumbwi ya dagaa?"

"Ndiyo."

"Inaingia kutoka ziwani?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na mwezi umejaa?"

"Umejaa kabisa. Hata taa hawakuhitaji, waliona kila kitu."

Mabega ya Mzee Iddi yakaanza kutikisika. Bariki alidhani analia, akanyoosha mkono kumpa kitambaa. Mzee alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, kisha kwa sauti, mpaka kofia ikamdondoka.

"Kwenu wapi wewe?"

"Hilo halihusiani na shauri."

"Kwenu kuna ziwa?"

"Hakuna."

"Naona." Mzee akajifuta machozi. "Sikiliza, nikufundishe bure. Dagaa anafuata taa, na taa inataka giza. Mwezi ukijaa, ziwa zima linakuwa taa moja. Dagaa aje kwenye karabai yako kufuata nini? Siku hizo hakuna anayeingia. Mitumbwi inapandishwa mchangani, tunashona nyavu, tunalala na wake zetu. Ukitaka kujua watoto wa wavuvi walitungwa lini, hesabu mbalamwezi!"

"Labda wachache waliingia."

"Nani? Nitajie, nikamcheke nyumbani kwake." Mzee akahesabu kwa vidole. "Jumatano ile ilikuwa mwezi kumi na tano, Mfunguo Saba. Nilikuwa nimefunga saumu ya siku nyeupe, zile za mwezi mpevu. Mwaloni kote, Ujiji, Bangwe, mpaka Ilagala, hata paka hakupata dagaa mbichi. Ndoo mbili zimetoka wapi? Zimeshuka na mvua?"

Kisha akaacha mzaha. Akamgeukia Hasna, na sauti ikawa nyingine.

"Wewe ulilijua hili?"

"Nililisema mbele ya kamati ya uchunguzi. Wakaniambia mwezi haumo kwenye kanuni. Nimeliandika kwenye rufaa, ukurasa wa kwanza."

"Mbona mimi hukuniambia?"

"Niliona aibu, baba mdogo. Jina la babu kutajwa pamoja na neno rushwa. Nikasema nitashinda kwanza, ndipo nije."

Mzee aliinama kuokota kofia yake, akachelewa sana kuinuka. "Na mimi nimekuja kukuombea radhi kwa kosa ambalo hata samaki hawalijui," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Hasna akamshika mkono wenye makovu. Hata Bariki alitazama dirishani.

Kisha Mzee akavaa kofia yake, akaiweka sawa. "Bwana, nipe barua yangu."

"Haiwezekani. Ilikwisha kupokelewa rasmi." Bariki akaichomoa, akaiinua juu ili waone. Chini ya saini yenye herufi kubwa za kutetemeka ulikuwepo muhuri wa buluu, mbichi: IMEPOKELEWA. Na tarehe ya leo.

Hasna aliutazama muhuri ule kama mtu aliyeona ndugu yake aliyepotea.

"Bwana Bariki. Huo ni muhuri gani?"

Bariki akaufunika muhuri kwa kidole gumba.

"Si wino umeharibika? Si umepelekwa mjini? Au ya kuomba radhi ina wino wake na rufaa ina wino wake?"

Bariki akaiteremsha barua. Mkono wake wa pili ukaenda kwenye droo, ukaifunga kwa ufunguo. Akaegemea kiti, akatazama saa. Saa tisa na dakika tano.

"Nakala yako sipokei," alisema taratibu. "Na leo nina muda. Tukae tu. Ikifika saa tisa na nusu, kila mtu aende kwake."

Mlango ukafunguka. Alikuwa Skolastika, mama mfupi mnene, amekumbatia daftari kubwa la masijala kifuani, kalamu nyekundu imechomekwa kwenye nywele.

"Mwiriwe," alisalimu kwa Kiha chake.

"Sijakuita, Mama Skola."

"Ego, ndiyo, hujaniita. Limeniita daftari." Akalifungua juu ya meza, juu ya karatasi zote. "Barua zinazoingia huku nazipa namba mimi. Ya mwisho ni mia mbili na kumi. Hiyo ya Mzee ina muhuri lakini haina namba. Imepita dirisha gani?"

"Usijiingize."

"Nimo humu tangu hujajua kusoma, baba. Nastaafu mwezi wa sita. Leo nimemfungia kidirisha mtoto wa watu mkono ukiwa ndani, na nimekaa kule nyuma nikajiuliza nitastaafu na sura gani." Akanyoosha kiganja. "Muhuri."

"Nitakusimamisha kazi."

"Kwa maandishi. Nitayapokea. Muhuri."

Bariki alikunja mikono. Hakutikisika. Saa tisa na dakika kumi. Saa tisa na dakika kumi na mbili.

Hapo Hasna akafanya jambo ambalo hakulipanga. Aliufungua mlango wazi mpaka mwisho, akasimama kizingitini, nusu ofisini, nusu ukumbini, akaitoa rufaa kwenye bahasha. Akaanza kuisoma kwa sauti ile ile aliyotumia miaka kumi na saba kupiga kelele mwaloni injini zikiwa zinanguruma.

"'Sababu ya kwanza ya rufaa! Shahidi anasema mitumbwi ya dagaa ilikuwa inaingia alfajiri ya tarehe nane Oktoba, mwezi ukiwa umejaa!'"

Ukumbini benchi lilikohoa.

"Mwezi nini?" akauliza mvuvi mmoja.

"Umejaa!" akajibu Hasna.

"Na dagaa?"

"Ndoo mbili! Wabichi!"

Kicheko kililipuka kama petroli. Mvuvi mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Mwingine akapiga kelele, "Waliwavua kwa miwani ya jua!" Hamdani aliegemea ufagio wake, machozi yanamtoka. Milango ya ofisi nyingine ikafunguka mmoja mmoja. Mhasibu, dereva, mama wa chai, wote wakachungulia.

"Nani kaandika hayo?" mtu akauliza.

"Bado!" Hasna akapaza sauti. "'Shahidi anasema alimwona vizuri kwa sababu ya mbalamwezi...'"

"Soma tena, dada! Soma tena!"

"Inatosha!" Bariki alikuwa amesimama, uso umemjaa jasho. Mtu huweza kuvumilia kuchukiwa, hasa akiwa na cheo. Kuchekwa ni jambo jingine. "Funga huo mlango!"

"Sababu ya kwanza tu ndiyo hiyo," Hasna akamjibu. "Ziko sita. Mpaka saa tisa na nusu nitazimaliza, kisha nitazirudia pale nje sokoni."

"Ya pili, dada!" wavuvi wakaitikia.

Bariki aligeuza ufunguo, akavuta droo, akatupa muhuri juu ya meza. Ulibiringika mpaka ukingoni, Skolastika akaudaka kama mtu anayedaka yai. Hasna akamwekea nakala mbili mezani, ya mwajiri na yake mwenyewe.

Ko!

Mlio ule ulisikika ukumbi mzima. Skolastika akachomoa kalamu yake nyekundu, akaandika huku akitamka polepole, maana hakuna raha kama kuandika taratibu mbele ya mtu mwenye haraka. "Namba mia mbili kumi na moja. Nakala ya rufaa. Hasna Mwinshehe. Saa tisa na dakika ishirini na moja."

Akampa Hasna karatasi yake kwa mikono miwili. Hasna aliipokea. Akaibusu ile mikono yenye wino.

Lakini Bariki alikuwa anaandika. Aliandika kwa nguvu mpaka karatasi ikapasuka pembeni, akamsukumia Skolastika. "Umesimamishwa kazi kuanzia sasa hivi. Kabidhi masijala."

Skolastika aliisoma mpaka mwisho, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi.

"Haina kumbukumbu namba."

"Nini?"

"Barua ya serikali bila namba ni karatasi ya kufungia karanga." Akaishika sawasawa, ko!, akaiandika daftarini. "Mia mbili kumi na mbili. Imepokelewa. Asante, baba."

Wavuvi walipiga makofi. Mama wa chai alikuja mbio na kikombe kilichojaa, akakiweka mkononi mwa Skolastika, akarudi mlangoni kwake.

Ungedhani Bariki amekwisha. Sivyo. Alikaa chini, akatengeneza tai yake, na tabasamu likamrudia.

"Sawa. Rufaa imepokelewa, nakubali. Basi kanuni inataka jalada liende Tume. Nami nitalipeleka lote, lilivyo. Watu wasiseme Bariki kaficha kitu."

Tabasamu lile halikumpendeza Hasna hata kidogo.

"Kabla sijatoka lazima nikukabidhi," Skolastika akasema. "Na kukabidhi ni kuhesabu." Akalivuta jalada, akalowesha kidole, akaanza. Kila karatasi ilikuwa na namba pembeni, kwa wino mwekundu, kwa mkono wake. "Moja. Mbili. Tatu."

Wavuvi wakasogea mlangoni. Mvua ilisikika juu ya bati.

"Ishirini na mbili. Ishirini na tatu, maelezo ya shahidi." Akapumua. "Imetimia. Haijachomolewa kitu."

Kisha akageuza tena, na kidole chake kikasimama hewani.

"Ishirini na nne?" alisema. "Mimi ishirini na nne sijaiandika. Mimi siandiki namba kwa wino wa buluu."

Hasna aliinama juu ya bega lake. Karatasi ilikuwa mpya, haina mkunjo. Ilisema: Mimi Iddi Mwinshehe wa Ujiji nathibitisha kwamba Hasna, mtoto wa kaka yangu, alikiri mbele yangu nyumbani kuwa alipokea ndoo mbili za dagaa.

Na chini kabisa, saini. Herufi kubwa, za kutetemeka.

"Baba mdogo?"

Mzee Iddi aliichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Akapitisha kidole juu ya saini.

"Alinipa mbili nisaini," alisema. "Moja ya radhi. Ya pili ilikuwa tupu. Akasema ni ya mafuta ya gari."

"Saini ni yako au si yako?" Bariki akauliza, sauti imerudia asali.

"Ni yangu."

"Basi, Mzee. Mbele ya watu wote hawa umesema ni yako. Mwezi waweza kubishaniwa huko Dodoma, wale wala hawavui. Lakini baba amesema mtoto wake kakiri. Nani atabisha?"

Hakuna aliyecheka sasa. Hasna alihisi sakafu ya Hamdani ikiteleza chini ya miguu yake. Muhuri alikuwa nao mkononi, haki ya kusikilizwa alikuwa ameipata kwa jasho, na sasa akisikilizwa, watakachosikia ni sauti ya baba yake mdogo ikimhukumu.

"Kaa, baba mdogo," alisema kwa upole, akimsogezea kiti. "Si kosa lako. Kaa kwanza."

"Sikai." Mzee Iddi akairudisha karatasi ndani ya jalada kwa mkono wake mwenyewe, akalifunga, akalipiga vumbi. "Mama Skola, treni ya Dodoma inaondoka lini?"

"Kesho jioni, Mzee."

"Vizuri." Akamgeukia Bariki. Alikuwa mfupi kuliko yeye, na mguu unamuuma, lakini Bariki ndiye aliyerudi nyuma hatua moja. "Lipeleke jalada lako. Usichomoe hiyo karatasi, nakuomba sana. Saini yangu imo humo, na mimi nitaifuata mpaka huko huko. Nitawaambia kwa mdomo wangu ilitokaje kwenye kidole changu. Na wakinipa nafasi, nitawafundisha mwezi."

"Nauli yako juu yetu, Mzee!" mvuvi mmoja akapaza sauti, na benchi zima likasimama.

Walimtoa nje kama bwana harusi. Hamdani alimshika mkono mzee pale kwenye ngazi zenye maji. Skolastika aliweka ufunguo wa masijala mezani, akachukua mwavuli wake na kikombe kitupu cha mama wa chai, akatoka kichwa juu.

Hasna alikuwa wa mwisho. Alikuwa amefika nusu ya ukumbi alipokumbuka kwamba bahasha yake imebaki mezani. Akarudi kwa hatua nyepesi. Mlango ulikuwa umeegeshwa, na nyuma yake Bariki alikuwa anaongea na simu.

"Gasper, nisikilize vizuri. Ni mzee mmoja, kanzu ya kijivu, anachechemea mguu wa kushoto. Atakuwa stesheni ya Kigoma kesho jioni."

Akasikiliza upande wa pili. Kisha sauti ile ya asali ikashuka chini zaidi.

"Hapana. Sijasema umwombe asipande. Nimesema asipande."